Mmenyuko unajiendea wenyewe kwa sababu gani hasa? Wengi tulifundishwa "ukitoa joto", na tanuri la chokaa linakataa

Mwana wa Tanuri

Salaam wakuu.

Juzi kijana wa kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), aliniletea daftari lake la kemia nimwelekeze. Kwenye ukurasa mmoja ameandika kwa wino mwekundu na kuzungushia boksi: "Mmenyuko unaotoa joto hujiendea wenyewe. Unaonyonya joto haujiendei." Nilinyamaza kidogo, maana sentensi hiyohiyo niliandikiwa na mimi ubaoni miaka mingi iliyopita. Niliibeba hadi chuo, nikaitumia kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza, nikaanguka swali zima. Inaniuma kuona bado inatembea.

Hata hivyo wazo lenyewe ni la watu wazito. Katikati ya karne ya 19, Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa waliamini kwamba joto linalotoka ndilo linalosukuma mmenyuko. Na ukiangalia haraka unaona wana haki: kuni zinaungua, chuma kinashika kutu, asidi ikikutana na magadi soda ya kuoshea inachemka. Shida ni kwamba yapo mambo mengi tu yanayojiendea huku yakinyonya joto, na yako mbele ya macho yetu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa, pwani ya Tanga. Nilikulia kwenye moshi ule. Magogo ya minazi na mikoko yanapangwa duara, katikati kunaachwa tundu la kutilia moto, juu yanarundikwa mawe ya matumbawe. Moto ukiingia usiku, asubuhi unakuta mawe yana umbo lilelile, mishipa yake yote ya matumbawe inaonekana, lakini ukinyanyua moja mkono unakurukia juu kwa wepesi. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56. Zile 44 zimeondoka kama hewa ukaa, na hukuziona zikipita.

Halafu babu ananyunyiza maji. Jiwe linakaa kimya kidogo, kisha linalia, linapasuka, mvuke unapanda, na linabomoka lenyewe kuwa unga mweupe wa moto usioweza kuushika. Unga ule ukichanganywa na mchanga ukapakwa ukutani, unakunywa hewa ukaa polepole, miezi na miaka, hadi unarudi kuwa jiwe. Kuta za Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani zimeshikana kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo tuna mimenyuko mitatu. Wa kuzima chokaa kwa maji unatoa joto. Wa chokaa kukauka ukutani unatoa joto pia, ila taratibu mno kiasi kwamba hulihisi. Lakini ule wa kwanza, jiwe kuachia hewa ukaa, unameza joto muda wote, kilojuli 178 kwa kila moli, yaani kwa kila gramu 100 za jiwe. Na jiwe likishapata moto wa kutosha, linaachia tu. Kwa sheria ya boksi jekundu hilo lisingetokea kamwe.

Nataka kueleza ninavyolielewa mimi, halafu mnisahihishe.

Kipimo si joto, ni entropia. Rudolf Clausius alilipa jina hilo mwaka 1865. Shuleni tunaambiwa entropia ni "vurugu". Neno hilo silipendi, linamfanya mtoto afikirie chumba kisichofagiliwa. Mimi nasema ni mtawanyiko: nishati na chembe zina njia ngapi za kujigawa. Hewa ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe haina pa kwenda. Ikitoka angani ina njia zisizohesabika. Tazameni namba, kwa moli moja, nyuzi 25: jiwe la chokaa lina juli 93 kwa kelvini, chokaa iliyochomwa ina 40, hewa ukaa ina 214. Gesi peke yake imebeba zaidi ya vyote viwili. Jiwe likivunjika, mfumo, yaani jiwe na vyote vinavyotoka ndani yake, unapata juli 161 kwa kelvini.

Sasa pale ndipo wengi tunapoteleza. Tunahesabu mfumo tu, tunasahau mazingira. Joto la kilojuli 178 halikuanguka kutoka mbinguni, limetolewa kwenye mazingira, na mazingira yakipoteza joto yanapoteza entropia. Kiasi gani? Gawanya joto kwa halijoto, kwa kelvini. Nyuzi 25 ni kelvini 298:

178,300 ÷ 298 = juli 598 kwa kelvini zimepotea.
Mfumo umepata 161 tu.
Jumla ni hasara ya 437. Jiwe halivunjiki, na ndiyo maana msikiti wa kale wa Kilwa bado una kuta.

Panda hadi kelvini 1200, ndani ya tanuri lililoshika moto:

178,300 ÷ 1200 = 149 zimepotea.
Mfumo umepata 161.
Jumla ni faida ya 12. Jiwe linaachia.

Joto ni lilelile, jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni thamani ya joto hilo kwa anayelitoa. Chukua elfu kumi kwa mama ntilie anayeanza asubuhi na mtaji wa elfu kumi, umemfungia biashara. Chukua elfu kumi hiyohiyo kwa mwenye mabasi ya mikoani, hatajua kama imetoka. Mazingira ya baridi ni mama ntilie, mazingira ya moto ni mwenye mabasi.

Ile ΔG = ΔH − TΔS (ΔH ni joto linaloingia, T ni halijoto kwa kelvini, ΔS ni entropia inayopata mfumo) ya Josiah Willard Gibbs, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Yale aliyechapisha kazi yake kubwa kati ya 1876 na 1878, ni hesabu hiihii imepangwa upya ili usilazimike kuyataja mazingira kila mara. ΔG hasi maana yake jumla ya entropia, mfumo na mazingira pamoja, imepanda. Basi. Mtoto akielewa hivyo hana haja ya kukariri.

Ukiweka ΔG iwe sifuri, pale mwelekeo unapogeuka, 178,300 ÷ 160.6 unapata kelvini 1110, yaani kama nyuzi 840.

Karibuni.

PCM_Mwakani

Shikamoo mwalimu. Nimeelewa ya jiwe, ila nina swali linalonisumbua. Mkaa kuungua tunaambiwa unajiendea wenyewe. Mbona bila kiberiti hauwaki? Gunia liko jikoni kwetu wiki ya tatu, linagusana na hewa masaa yote, na haliungui. Kama unahitaji kuwashwa si umelazimishwa?

Mwana wa Tanuri

Marahaba kijana. Hilo ndilo swali lenyewe, na wakubwa wengi huliogopa.

Kaboni na oksijeni kuwa hewa ukaa, ΔG ni hasi kilojuli 394 kwa moli. Mwelekeo hauna mjadala. Lakini ΔG inakwambia mwelekeo tu, haikwambii mwendo. Kati ya mkaa na majivu kuna kilima: lazima vifungo vya kwanza vivunjike kabla vipya havijafungwa. Kiberiti kinawapandisha wachache kilimani, wakiteremka upande wa pili joto lao linawapandisha wengine. Ukishawasha, unaweka kiberiti mfukoni na jiko linaendelea.

Linganisha na tanuri la babu. Moto ukizimika katikati, mawe yanabaki nusu mbichi. Hakuna siku jiwe liliendelea kuachia hewa ukaa kwa sababu jirani yake lilianza. Mkaa unawashwa mara moja; jiwe linalishwa mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kujua kama mmenyuko unajiendea, usiulize ulianzaje, uliza ukiachwa kwenye halijoto hiyohiyo unaendelea?

Na kipo kilima kingine ambacho hakivukiki kabisa. Almasi za Mwadui kule Shinyanga: kwa halijoto na presha tunayoishi, almasi kugeuka grafaiti ya penseli ndiyo njia yenye ΔG hasi, karibu kilojuli 3 kwa moli. Ni ndogo lakini ni hasi. Hakuna aliyewahi kuamka akakuta pete yake imekuwa penseli, kwa sababu kila atomu imeshikwa na wenzake wanne na kuwang'oa kunataka nishati ambayo chumba hakina.

Fundi Klinka

Mwana wa Tanuri, uzi mzuri sana, lakini naomba nikusahihishe kidogo. Nafanya kazi upande wa tanuri kwenye kiwanda cha saruji. Hiyo nyuzi 840 ni ya hesabu inayodhani ΔH na ΔS hazibadiliki kutoka nyuzi 25 hadi huko juu. Zinabadilika kidogo. Ukizipima kwa kweli, presha ya hewa ukaa kutoka kwenye jiwe inafikia ya angahewa moja karibu na nyuzi 900. Sisi kazi hiyo ya kuondoa hewa ukaa tunaimaliza sehemu kubwa kabla unga haujaingia tanuri kuu, kwenye nyuzi 850 hadi 900 hivi. Tanuri kuu lenyewe linapika klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, kwenye 1450.

La pili, na hili ndilo kubwa zaidi: mwelekeo hautegemei halijoto tu, unategemea na kilichojazana pembeni. ΔG unayosoma kwenye jedwali ni ya hali ya kawaida, hewa ukaa ikiwa na presha ya angahewa moja. Kwenye tanuri la babu yako upepo unapita katikati ya magogo na kuibeba hewa ukaa kila inapotoka. Tumia namba zako hizohizo, weka hewa ukaa asilimia 0.04 kama ilivyo kwenye hewa ya nje, ongeza kile kipande cha RT ln Q (R ni namba thabiti ya gesi, Q hapa ni presha ya hewa ukaa kwa angahewa). Mwelekeo unageuka kwenye kelvini 790, kama nyuzi 520. Kwa kasi ya huko ungekesha, ndiyo maana bado unahitaji moto mkali. Lakini ukiziba tundu za tanuri hewa ukaa ikajazana, unachoma kuni bure. Wazee walijua kuacha nafasi kati ya mawe.

Mwana wa Tanuri

Ahsante sana mkuu, nimelipokea. Na umenifungua jambo. Babu alikuwa mkali sana kuhusu kupanga mawe. Makubwa chini, na marufuku kujaza mianya kwa vipande vidogo. Tulidhani anataka moto upite tu. Kumbe mianya ileile ndiyo inayoitoa hewa ukaa.

Bint Makunduchi

Kaka zangu nami nichangie, ingawa kemia yangu ni ya maabara ya dawa. Naomba tuliache neno "hiari" ambalo baadhi ya notsi zinalitumia kwa jambo hili. Hiari ni ya mwenye nia. Chumvi haina nia. "Unaojiendea" aliloandika mwenye uzi linatosha, maana maji nayo hujiendea bondeni na hakuna aliyeyauliza.

Kuhusu kuzima chokaa, mtu asije akadhani pale ni entropia ya mfumo inayosukuma. Ni kinyume chake. Maji yalikuwa yanatembea, sasa yamefungwa ndani ya kigumu: mfumo unapoteza juli 26 kwa kelvini. Ila joto linalotoka ni kilojuli 65 kwa moli. Gawanya kwa 298, mazingira yanapata 219. Jumla ni faida ya 193. Kwa hiyo pale joto ndilo linalofanya kazi, kwa njia ya kuyapa mazingira entropia. Thomsen na Berthelot wangeona chokaa ikizimwa wangefurahi. Wangelisubiri tanuri kwanza.

Mwana wa Tanuri

Dada umesema kweli tupu. Na hapo kuna kitu ambacho kilinipendeza nilipokipiga hesabu mara ya kwanza, ngoja nikiweke.

Kuchoma jiwe: ΔH ni +178, ΔG nyuzi 25 ni +130.
Kuzima kwa maji: ΔH ni −65, ΔG ni −57.
Kukauka ukutani: ΔH ni −113, ΔG ni −73.

Jumlisha safu ya joto: sifuri. Jumlisha safu ya Gibbs: sifuri. Lazima iwe hivyo, kwa sababu umeanza na jiwe na umemaliza na jiwe. Zile kilojuli 130 ambazo magogo ya mnazi yalizilipa usiku mmoja, maji na ukuta vinazirudisha, maji kwa dakika, ukuta kwa miaka. Babu alikuwa akisema chokaa ni jiwe lililokopa moto. Alikuwa hajui kusoma.

Mkulima wa Nyanya

Wakuu mimi si mtu wa kemia, nimeingia kwa sababu ya hii ya kunyonya joto. Nalima nyanya kwa matone. Kila nikiyeyusha urea kwenye ndoo kabla ya kumimina kwenye tangi, ndoo inakuwa baridi kama imetoka kwenye friji, na kwa nje inatoka jasho. Nilidhani mbolea imechakachuliwa, nikagombana na muuza duka. Je ni hili mnalozungumzia?

Mwana wa Tanuri

Ndilo hilo ndugu yangu, na urea yako ni nzima kwa dalili hiyo. Urea ikiyeyuka inameza takriban kilojuli 15 kwa moli, na moli moja ni gramu 60. Inazichukua kwenye maji yaliyo karibu, ndiyo maana ndoo inapoa. Jasho la nje ni mvuke wa hewani uliogeuka maji kwenye ndoo baridi, haukutoka ndani. Hakuna aliyeiwasha, hakuna anayeilisha moto, na inayeyuka yote. Punje zilikuwa zimepangwa kama matofali, zikaingia majini kila molekuli ikaenda njia yake. Mtawanyiko huo ni mkubwa kuliko hasara ya joto.

Unaweka kilo ngapi kwa maji kiasi gani?

Mkulima wa Nyanya

Kilo 2 kwa lita 10.

Mwana wa Tanuri

Basi ni moli 33, kilojuli 500. Ndoo nzima na mbolea yake inahitaji kama kilojuli 45 kushuka nyuzi moja. Itashuka nyuzi 11 kama hakuna joto linaloingia kutoka nje. Kama una kipimajoto, pima utuambie.

Bint Makunduchi

Na kabla hatujaiacha urea, tukumbuke inatengenezwa kwa amonia na hewa ukaa, na amonia ndiyo mfano ambao ningemfundishia kila mwanafunzi.

Naitrojeni moja na haidrojeni tatu zinakuwa amonia mbili. Joto linatoka, kilojuli 92. Lakini moli nne za gesi zimekuwa mbili, mfumo unapoteza karibu juli 199 kwa kelvini. Hapa mambo ni kinyume cha tanuri la chokaa: kadiri unavyopasha ndivyo unavyoharibu. Hesabu inageuka kwenye kelvini 465 hivi, nyuzi 190. Chini ya hapo amonia inajiendea kwa hali ya kawaida, juu ya hapo inavunjika.

Sasa kwa nini viwanda vinapasha hadi nyuzi 400 au 500? Kwa sababu ya kile kilima cha mkaa. Vifungo vya naitrojeni ni vitatu kwa pamoja na kwenye ubaridi havisogei. Fritz Haber na Carl Bosch walichofanya, hadi kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, ni kukubali hasara ya mwelekeo ili wapate mwendo, kisha kuurudisha mwelekeo kwa njia nyingine: presha ya mamia ya angahewa, kichocheo cha chuma, na kuipoza amonia ikatoka kama maji kila inapotengenezwa. Hilo la mwisho ndilo alilolisema Fundi Klinka kuhusu upepo wa tanuri. Ondoa kilichozaliwa, mmenyuko unaendelea kuzaa.

PCM_Mwakani

Dada yangu anasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) ameona uzi huu anauliza: mwili unajenga protini, yaani vitu vidogo vilivyotawanyika vinapangwa. Si hiyo inapinga yote haya?

Bint Makunduchi

Mwambie swali lake ni la haki. Mmenyuko wenye ΔG chanya hautaenda peke yake, lakini unaweza kufungwa pamoja na mwingine wenye ΔG hasi kubwa zaidi. Achukue hatua ya kwanza ya seli kuitumia glukosi: kuibandika fosfeti kunataka kilojuli 13.8. Peke yake haiendi. ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ikivunjika inatoa 30.5. Kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kinavishika vyote viwili kwa wakati mmoja, jumla inakuwa hasi 16.7, na kazi inakwenda. Protini ni hivyohivyo, ATP na ndugu zake wanalipa kila kiungo. Na joto la mwili analolihisi akiweka mkono shavuni ni sehemu ya malipo kwa mazingira. Mjenzi anapanga matofali ndani, nje anaacha lori la vumbi. Hesabu ni ya vyote viwili.

PCM_Mwakani

Ahsanteni sana. Nimefuta boksi jekundu. Nimejaribu mwenyewe barafu: inanyonya 6,010 kwa moli, entropia inapanda 22. Nikigawanya napata kelvini 273. Nilidhani nimekosea nikarudia mara tatu.

Mwana wa Tanuri

Hujakosea. Umepata nyuzi sifuri kwa kalamu bila kugusa barafu. Sasa fanya na maji kuchemka: 40,700 na 109. Uone inakupa ngapi.

Mkulima wa Nyanya

Wakuu nimerudi kutoka shamba. Nimeazima kipimajoto cha vifaranga kwa jirani. Maji yalikuwa nyuzi 28. Nimetia kilo 2 nikakoroga kwa fimbo mpaka punje zikaisha, nimesoma 19. Mwalimu alisema 11, mimi nimepata 9, nadhani ndoo na jua vimerudisha hizo mbili.

Nimeiacha kivulini. Saa nne imerudi 27, na urea haikurudi kuwa punje chini ya ndoo, maji ni meupe pe. Muuza duka nimempigia simu nimemwomba radhi.